Malkia Aliyetungwa na Mama Yangu

Mume wangu alikuwa dereva. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la karakana moja ya mjini iliyokodisha magari kwa wageni wa meli. Meli ikitia nanga asubuhi, wageni walishuka kunyoosha miguu, na mara nyingi walikuwa na mchana huo mmoja tu wa kuuona mji. Mume wangu aliwapakia akawazungusha: kanisa la Wadachi lenye paa jekundu, bustani ya miti ya kigeni, jumba la gavana kwa mbali, kisha soko la Kariakoo, ambako walitembea wameshika pua na kucheka. Wengi walitosheka wakarudi melini. Lakini walikuwapo wasiochoka. Hao waliuliza, "Hakuna kitu cha zamani zaidi ya hiki?"

Hapo ndipo alipotukumbuka sie.

Kijiji chetu kilikuwa kaskazini mwa mji, mbali kidogo, ukishavuka Mto Mbezi kwa njia ya Bagamoyo. Siku hizo njia ilikuwa mchanga mtupu, na masika ikifika gari halipiti. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na msikiti wa kale usio na paa, na kando yake makaburi ya wazee wetu. Yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yana nguzo ndefu, na kwenye nguzo hizo waliotutangulia walipachika mabakuli na sahani za kaure, za buluu na za kijani. Jua likipanda zilimeta. Utotoni niliambiwa nisizihesabu, na mpaka leo sijui zilikuwa ngapi.

Kaburi kubwa kuliko yote tuliliita kwa Bibi. Bibi yupi, hakuna aliyejua. Mama yangu alilikuta linaitwa hivyo, na bibi yake naye alilikuta hivyo hivyo. Tulichojua ni kwamba mwanamke akiwa mjamzito alikwenda pale na ubani na chupa ya marashi, akafukiza, akamwaga kidogo kwenye chokaa, akaomba Mungu amvushe salama. Mwalimu wetu wa madrasa hakulipenda jambo hilo, lakini mkewe mwenyewe alikwenda, naye alijifanya haoni.

Mama yangu alikuwa mjane. Alisuka mikeka na makawa ya kufunikia chakula, mikono yake haikujua kupumzika. Mfupi, mwenye sauti kubwa, na mtu wa utani; msibani alikuwa akiambiwa akae mbali asije akawachekesha wafiwa. Mie na mume wangu tuliishi kwake. Mume wangu alikuwa na chumba Kinondoni cha kulala siku za kazi, akirudi kwetu Alhamisi jioni ili aswali Ijumaa na watu wa nyumbani.

Siku ya kwanza alipokuja na wageni, sikulijua gari lake. Nilisikia ngurumo upande wa minazi, mbuzi wakakimbia, nikatoka na mwiko mkononi. Walishuka wanawake wawili wa Kizungu na mzee mmoja mwenye kofia ngumu, nyuma yao mume wangu, kavaa kofia ya kazi yenye ukingo unaong'aa. Wageni wakaenda moja kwa moja makaburini bila kubisha hodi kwa yeyote.

"Shikamoo, mama," mume wangu alimwamkia mama, amesimama kando kidogo, macho chini, kama mkwe apaswavyo.

"Marahaba, mwanangu. Na hawa wanatafuta nini kule? Wamefiwa?"

"Wanatazama tu, mama."

"Kaburi hutazamwa?"

Mume wangu akatabasamu. Mmoja wa wale wanawake alikuwa ameweka kiganja kwenye nguzo ya kwa Bibi, kama mtu anayepapasa shingo ya farasi. Akaita, akasema neno. Mume wangu akageuka.

"Anauliza, humo kalala nani?"

Mama akanitazama. Niliona macho yake yanavyokaa anapotaka kufanya mzaha, nikajua.

"Mwambie ni malkia."

"Mama!" nikasema.

"Nyamaza wewe. Mwanamke wa watu kavuka bahari. Nimjibu sijui?"

Mume wangu akatafsiri. Yule mwanamke akashika kifua, akamwita mwenzake, na yule mzee naye akaja akavua kofia yake. Mama alipoona hivyo akapamba moto. Malkia alitoka ng'ambo, akamkataa mfalme aliyetaka kumwoa kwa nguvu, akakimbilia pwani yetu, akafa kwa huzuni. Akazikwa na vikuku vyake vya dhahabu. Kila sentensi mama aliitoa bila kuacha kusuka, na kila mume wangu alipoitafsiri, macho ya wageni yalizidi kutanuka.

Sie Waislamu hatumziki mtu na dhahabu. Maiti huoshwa, hata pete hutolewa kidoleni, akavishwa sanda, basi. Mtoto wa madrasa anajua. Kijiji kizima kilicheka habari hiyo jioni ile, na mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini mie, mama alipolitamka neno dhahabu, nilihisi ubaridi mgongoni, kana kwamba mtu kafungua mlango nyuma yangu. Nilitazama makaburi. Yalikuwa vilevile.

Wakaanza kuja. Kila meli ikiingia, kama njia ni kavu, gari lilifika. Mama aliweka mikeka yake kando ya njia, wageni wakanunua, naye akasimulia. Malkia alizidi kukua: mara ana paka mweupe, mara alikuwa akioga maji ya waridi. Mume wangu alisifiwa na bosi wake kwa kugundua mahali pazuri, na madereva wengine wakaanza kuleta watu wao kwetu.

Kisha wakaja wasioletwa na gari. Walikuwa wanaume wa mjini, waliovaa makoti, wakitembea kwa miguu mchana wa jua kali. Waliomba maji ya kunywa. Walikunywa wakiwa wameyakazia macho makaburi, wakarudisha kata, wakaenda zao bila kusema walikotoka. Asubuhi moja nilikwenda kuokota kuni nikakuta bakuli moja kwenye nguzo ya kwa Bibi halipo. Limeng'olewa kwa ncha ya chuma, na palipokuwa nalo pamebaki shimo la mviringo, kama jicho lililotobolewa. Chini pana vipande vya chokaa na alama ya kiatu.

Nilimwita mama. Alikuja, akasimama, akaweka kidole kwenye lile shimo. Siku ile hakusuka.

Baada ya hapo mabakuli yalitoweka moja baada ya jingine. Wakati mwingine tulijua aliyechukua ni mgeni wa meli, kwa kuwa mume wangu alimwona mtu anaficha kitu ndani ya koti naye akashindwa kusema. Wakati mwingine hatukujua. Chini ya kaburi, upande wa miguu, pakaonekana kijishimo, kama cha panya, ila panya hachimbi kwa jembe. Mwalimu akakifukia. Kikarudi.

Ndipo akaja yule Mzungu mwembamba.

Huyu hakuja na meli. Alikuwa akiishi mjini, naye alikodi gari la mume wangu. Wengine walisema ana kazi serikalini, wengine wakasema kapewa tu kibali cha kutafuta mambo ya kale. Alikuwa mpole. Hakupaza sauti hata siku moja, na mpaka leo namkumbuka kwa upole huo. Aligonga kaburi kwa kifundo cha kidole, kisha akatia sikio ukutani, akafumba macho, kama mganga anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akaenda upande wa pili, akagonga tena. Halafu akaja kukaa kwenye kibaraza chetu akamwomba mama, kwa kinywa cha mume wangu, amsimulie malkia.

Mama hakuwa na hamu tena. Lakini mtu kaketi barazani kwake, kanywa maji yake. Akasimulia kwa ufupi. Mzungu akauliza: vikuku vya mikononi au vya miguuni? Aliyemwambia mama habari hii ni nani, na huyo naye aliambiwa na nani? Mama akaanza kujikwaa. Nilimwona akitafuta maneno, yeye ambaye maneno yalikuwa yakimtafuta.

Alirudi baada ya siku chache, akiwa na vijiti vyenye vitambaa vyekundu, akavichomeka kuzunguka kaburi lote. Hapo mama alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akamwita mume wangu.

"Mwambie nilimdanganya."

"Mama..."

"Mwambie! Hakuna malkia. Hakuna dhahabu. Nilitunga mie, kwa mdomo wangu huu, kuwafurahisha watu. Aliyelala pale ni mtu wetu tu, muumini, kavishwa sanda, basi. Mwambie mie ni mwanamke mwongo, kijiji kizima watamthibitishia."

Mume wangu akatafsiri. Alichukua muda, na nilimwona anatoa jasho shingoni. Mzungu alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akatabasamu, akasema maneno machache.

"Kasemaje?" mama akauliza.

Mume wangu akajifuta jasho.

"Kasemaje, mwanangu?"

"Anasema, mama, kila mahali alikofanya kazi hii wenyeji husema hivyohivyo. Mwanzo husimulia. Wakishajua kitu kina thamani, hukana. Anasema alikuwa na shaka kidogo. Sasa umekana, hana shaka tena."

Mama akakaa chini pale pale aliposimama.

Mwalimu na mume wangu walimchukua mama wakaenda naye mjini, kwenye ofisi waliyoelekezwa. Mie nilibaki, maana nilikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Waliporudi walinieleza. Walipokelewa na karani, kijana Mkristo wa bara, mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi. Aliwapa mabenchi, akawasikiliza, akaingia ndani, akatoka. "Bibi," alimwambia mama, "mie nakuelewa. Kwetu nasi tuna makaburi. Lakini kibali cha kuchimba kimeshatoka. Wataanza masika ikiisha." Mama akamuuliza kama kuna mtu mwingine wa kumwona. Karani akatazama mlango wa nyuma yake, akasema hapana.

Basi tukaingoja masika iishe. Sijawahi kuiombea mvua iendelee kama mwaka ule. Ilinyesha, njia ikafungika, gari halikuja, na kijiji kikarudi kuwa chetu. Lakini kila nilipochungulia nje, vile vitambaa vyekundu vilikuwa pale, vimelowa, vimening'inia. Wajawazito wengine waliacha kwenda kwa Bibi. Mie nilikwenda mara moja. Nilibeba ubani, nao haukushika moto kwa unyevu. Nilimwaga marashi, yakachuruzika na maji ya mvua, nikarudi nyumbani bila kuomba chochote, kwa kuwa sikujua niombe kwa ajili yangu au kwa ajili yake.

Mvua ikakatika. Mchanga ukakauka. Asubuhi moja tukasikia magari.

Mama alikuwa ameshatangulia. Nilimkuta amekaa juu ya kaburi, kwenye ngazi ya chini, na ukindu wake mapajani, anasuka. Wakashuka vibarua na sururu na makoleo, askari mmoja, yule Mzungu, na mume wangu kavaa kofia ya kazi. Mie alinitazama mara moja akageuza uso. Nilijua kalala Kinondoni tangu mvua ilipokatika kwa sababu hakuweza kututazama.

"Jambo, mama," Mzungu akasema.

Mama hakuitika. Akatumwa askari. Alikuwa mtu mzima, Mnyamwezi kwa matamshi yake. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Niondokee hapo, tafadhali, nisije nikakushika."

"Marahaba. Nishike."

Askari akatazama chini, akachora mchanga kwa ncha ya fimbo. Akamtazama Mzungu, akatazama tena chini. Vibarua walisimama na makoleo mabegani.

Ni mume wangu aliyekwenda. Mkwe hamkaribii mama mkwe hivyo, wala hamtazami machoni, lakini alichuchumaa mbele yake mpaka nyuso zikalingana.

"Mama, twende. Wakikushika wao, mie itabidi nipigane. Nikipigana watanifunga. Na mwanao ana mimba."

Mama akakunja ukindu wake polepole, akasimama, akanipa mkono nimshike. Ulikuwa baridi.

Walianza na nguzo. Mzungu alisema, na mume wangu akatuambia, kwamba itarudishwa kama ilivyokuwa, jiwe kwa jiwe. Walifunga kamba, wakavuta. Ilisita, kisha ikaja chini yote kwa pamoja, na mabakuli yaliyokuwa yamebaki yakapasuka kwa mlio mdogo, mlio wa vyombo jikoni. Mama akafumba masikio.

Kisha wakachimba. Mwanzoni vibarua waliimba ule wimbo wao wa kazi. Udongo ulitoka mweupe wa chokaa, halafu wa kijivu, halafu mwekundu, na ulipokuwa mwekundu wimbo ukakoma wenyewe. Mmoja wao akapanda juu, akaweka koleo, akaenda kukaa chini ya mnazi. Aliitwa hakurudi. Mzungu mwenyewe akavua koti, akashuka.

Alikaa humo muda mrefu. Tulikiona kisogo chake tu, kinainuka na kushuka. Kisha akamwita mume wangu. Mume wangu akaenda ukingoni, akainama, akatazama. Akarudi kwetu.

"Anauliza kama mnajua lolote kuhusu..."

"Kuhusu nini?" mama akasema.

"Mna mtu humo, mama. Mwanamke, anasema. Na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mdogo kabisa. Amelazwa kifuani kwake."

Nilijikuta nimeshika tumbo langu kwa mikono yote miwili. Mke wa mwalimu, aliyekuwa nyuma yangu, alianza kulia kwa sauti ya chini, kisha wanawake wote. Tulikuwa tumekwenda pale miaka na miaka, sie na mama zetu na bibi zetu, bila kujua kwa nini tunakwenda. Kuna mtu alijua hapo kale, naye akatuachia njia bila kutuachia sababu. Sasa sababu ilikuwa juani, na mtu asiye maharimu wake alikuwa akiipangusa kwa burashi.

Dhahabu haikuwamo. Nilidhani Mzungu angekasirika, lakini hakukasirika. Alifurahi kwa namna nyingine, furaha ya utulivu, kama ya mtu aliyepata zaidi ya alichokuja kutafuta. Akaagiza sanduku. Lilikuwa sanduku la mbao la majani ya chai, akalitandika nyasi kavu ndani, akaanza kupanga.

Mama akaniachia mkono. Alimwendea yeye mwenyewe, bila mkalimani, akazungumza Kiswahili chepesi, taratibu, kama anaongea na mtoto.

"Bwana. Dhahabu, nilikudanganya. Hawa sikukudanganya. Warudishe."

Alielewa. Niliona kwamba alielewa. Akamgusa mama begani kidogo, kwa upole wake ule, akasema kwa Kiswahili: "Baadaye, mama. Baadaye."

Katika maisha yangu nimetukanwa, nimetishwa, hata kupigwa kofi na askari wa soko. Hakuna neno lililonitisha kama hilo.

Sanduku likafungwa. Mzungu akamwonyesha mume wangu alipakie kwenye kiti cha nyuma cha gari, pale wanapokaa wageni. Mume wangu hakusogea. Akaambiwa tena. Akavua ile kofia ya ukingo unaong'aa, akaiweka juu ya boneti, na juu yake akaweka ufunguo. Akasema kitu kwa Kiingereza. Baadaye nilimuuliza alisema nini. "Nilimwambia mie huchukua walio hai."

Hawakugombana. Mzungu alichukua ufunguo, akamwita yule askari amsaidie kubeba, akaendesha mwenyewe. Vibarua wakapanda gari la pili. Sanduku lilionekana kwenye dirisha la nyuma mpaka gari lilipoingia minazini. Kofia waliiacha imeanguka mchangani.

Alasiri ile mwalimu na wanaume wa kijiji walilifukia shimo na kusoma dua juu ya kaburi lisilo na mtu. Mvua za vuli zilipokuja, udongo ulizama. Wakaujaza. Ukazama tena. Mahali pale hapakutaka kujaa, na watu wakaacha kupita upande ule, wakazunguka kwa mbali hata walipokwenda kisimani. Nguzo ilibaki imelala ilipoangukia.

Mume wangu hakupata tena kazi ya gari la wageni. Alipata lori la kubeba mchanga, upande wa Temeke, tukahamia huko kabla sijajifungua. Mama alikataa kuja. Nilipatwa na uchungu mrefu, mkunga akanyamaza kwa namna ambayo wakunga hawanyamazi, na kila nilipofumba macho niliona kile kisogo kinachoinuka na kushuka. Mtoto akatoka mzima. Msichana. Mama alikuja kumwona siku ya saba, akakaa mlangoni. Nilimpa ampakate.

"Mweke chini kwanza," akasema. "Mikono yangu haijawa safi."

Alikuwa ameshaiosha. Niliona maji yakimdondoka viganjani. Ilipita muda mpaka alipomshika, na hata siku hiyo alimshika mbali na kifua.

Kule kijijini wageni hawakukoma. Dereva mwingine alikuwa akiwaleta, na hadithi ilikuwa imehama, ya mama siyo tena. Sasa malkia alikuwa na mtoto wa mfalme. Dhahabu yake ilikwisha kupelekwa Ulaya, gunia zima. Na yule bibi anayesuka pale barazani, dereva aliwaambia, ni wa ukoo wake wa damu. Wakampiga picha. Mama aliingia ndani akafunga mlango, wakapiga picha mlango. Aliniambia mwenyewe, wala hakufanya utani.

Masika iliyofuata alianza kukohoa. Njia ilipokauka tulimleta Temeke kwa lori la mume wangu, tumemlaza juu ya mikeka yake. Hakukaa sana. Siku moja baada ya adhuhuri, tukiwa watu wa nyumbani tu, alimwita mume wangu asogee.

"Kule msinizike," akasema. "Nipelekeni kwa kaka yangu."

"Sawa, mama."

"Msinijengee. Hata jiwe la kichwani msiweke. Nilazeni kama mbegu."

"Sawa, mama."

"Na hadithi yangu msimsimulie mtu."

Mjomba wangu alikuwa na shamba bara, kwenye vilima vya Madale, ambako wakati huo palikuwa pori na mihogo. Tulimzika huko. Mwalimu alitoka kijijini kwa miguu kuja kumswalia. Mume wangu alishika jeneza upande wa kichwa njia nzima, tangu lori lilipoishia, na alipopanda mlima hakukubali kupokewa. Walipomaliza walisawazisha udongo mpaka ukawa sawa na shamba, wakaburuta matawi juu yake. Nilikariri mahali pale kwa macho, sikuweka alama.

Arobaini ilipopita nilirudi kijijini peke yangu kufunga nyumba ya mama. Nilikuwa na nia ya kupitia Madale nikirudi, nimsomee Fatiha. Nilikuwa nafunga mzigo wa mwisho, makawa mawili na chungu, niliposikia gari.

Aliteremka dereva nisiyemjua, na mwanamume na mwanamke wa Kizungu, vijana, wametulia, wamevaa vizuri. Dereva akanisalimu kwa adabu.

"Dada, hawa wamesikia habari za yule bibi. Mwenye hadithi ya malkia."

"Hayupo."

"Wanajua. Wanauliza kazikwa wapi."

Kamba ilinitoka mkononi. "Nani kawaambia kafa?"

Dereva akainua mabega. Hakuwa mtu mbaya.

"Hajafa," nikasema. "Kaenda kwa nduguze, Bagamoyo."

Akatafsiri. Mwanamume akanisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akatabasamu. Nililijua tabasamu lile. Akazunguka uwanja wetu taratibu, mikono nyuma, mpaka kando ya jiko ambako siku ileile asubuhi nilikuwa nimechimbua mihogo ya mwisho ya mama. Udongo ulikuwa mbichi, umeinuka kidogo. Akasimama. Akaukanyaga kwa ncha ya kiatu, mara moja, akausikiliza.

"Hapo ni mihogo tu," nikamwambia dereva. "Mwambie ni mihogo."

Akamwambia. Yule mwanamume akaitikia kwa kichwa, akasema neno kwa mkewe, naye akakiandaa chombo chake cha kupigia picha.

Nilijitwika mzigo wangu nikaondoka wakiwa bado pale. Nilipofika njia panda, ya kushoto inakwenda mjini na ya kulia inapanda Madale, nilisimama nikasikiliza. Gari lilikuwa limewashwa, linakuja polepole nyuma yangu. Huenda lilikuwa linarudi mjini tu, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya gari. Sikugeuka kutazama. Nilishika njia ya mjini, nikatembea mpaka lilipofika usawa wangu, likapunguza mwendo kana kwamba wanataka kunipa lifti, likanipita. Nikaendelea kutembea kuelekea mjini mpaka giza likaingia, na Fatiha niliisoma njiani, kimoyomoyo, bila kusogeza midomo.